Sura ya Tano: Pumzi Chini ya Maji

Ifikapo Februari, mvua za Songea huwa zimekolea. Mabonde yanayoshuka kutoka milima ya Matogoro hujaa, maji yakasimama mashambani siku kadhaa mfululizo, na hapo mtu huweza kuona jambo kubwa bila darubini wala maabara. Upande mmoja wa tuta yapo mahindi, upande wa pili upo mpunga. Maji ni yale yale, udongo ni ule ule, jua ni lile lile. Siku chache zikipita, mahindi huanza kugeuka manjano kuanzia majani ya chini, kisha hunyauka kana kwamba yamepigwa na kiangazi, ilhali yamesimama ndani ya maji. Mpunga wa jirani huzidi kunawiri.

Mwaka mmoja nilimkuta mama mkulima amesimama kando ya mahindi ya namna hiyo, jembe begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeyaona haya? Yamekunywa maji mpaka yamelewa."

Nilimwitikia, kwa sababu siku hizo nami niliamini kwamba mmea uliozama hufa kwa kushiba maji kupita kiasi. Ilinichukua miaka kujifunza kwamba mahindi yale yalikufa kwa kiu, na kwamba kiu yenyewe ilitokana na kukosa pumzi. Ukilielewa hilo, mlango umekufungukia. Utaelewa kwa nini shina la yungiyungi lina matundu, kwa nini mizizi ya mpunga ina kutu, na kwa nini maji ya mto yakichafuka kuna viumbe vinavyokufa kimya kimya bila mtu kuvililia.

Kwa nini mahindi hufa

Tumezoea kufikiri kwamba wanyama hupumua na mimea hutengeneza hewa. Mmea hufanya yote mawili. Jani linapopigwa na jua hutengeneza sukari na kutoa oksijeni. Lakini kila seli ya mmea, iwe ya jani, ya shina au ya mzizi, huichoma sukari hiyo kwa oksijeni usiku na mchana ili ipate nguvu ya kufanya kazi. Mzizi uko gizani, hautengenezi oksijeni yake. Katika shamba la kawaida huipata kutoka kwenye nafasi ndogo ndogo zilizo kati ya chembe za udongo. Ndiyo maana mkulima hupalilia na kutifua.

Maji yakizijaza nafasi hizo, mambo mawili hutokea kwa pamoja. Akiba hupungua: lita moja ya hewa ina takribani mililita 210 za oksijeni, lakini lita moja ya maji haifikishi hata mililita 10. Usafiri nao hukwama, kwa kuwa oksijeni husambaa ndani ya maji yaliyotulia polepole mno, karibu mara 10,000 polepole kuliko hewani. Bakteria wa udongoni wanapumua pia, na katika siku moja au mbili huwa wameimaliza ile kidogo iliyobaki.

Mzizi uliokosa oksijeni haufi papo hapo. Hugeukia njia ya dharura, ile ile inayoigeuza togwa kuwa pombe: huchachusha sukari. Njia hiyo ni ya kimaskini. Kila molekuli ya sukari ikichachushwa hutoa vipimo 2 tu vya nishati, badala ya 30 hivi vinavyopatikana kwa kupumua. Na kinachobaki baada ya kuchachusha ni kileo. Kwa hiyo mama yule aliposema mahindi yake yamelewa, alikuwa karibu na ukweli kuliko nilivyodhani. Mizizi ile ilikuwa ikipika pombe kweli, ikijaribu kuishi.

Mzizi uliofukarika hivyo hauna nguvu ya kuvuta maji. Juu, jua linaendelea kuyakausha majani. Chini, hakuna kinachopanda. Mmea unanyauka huku miguu yake imo majini.

Ukoo uliorudi majini

Mimea yote ya nchi kavu ina asili ya majini. Mababu zake walikuwa miani ya kijani iliyopanda nchi kavu zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita. Huko juu ilijifunza maisha mapya: kujenga shina gumu la kusimama bila kuegemea kitu, kujipaka nta ili isikauke, kufungua na kufunga vitundu vya majani viitwavyo stomata, na baadaye kuchanua maua.

Kisha baadhi ya koo zikarudi zilikotoka. Zilirudi mara nyingi, katika nyakati tofauti na katika familia za mimea zisizo na udugu wa karibu. Leo spishi za mimea yenye maua zinazoishi majini ni chache, kama moja au mbili katika kila 100. Wageni hao waliorejea wanafanana na nyangumi na pomboo, wanyama ambao mababu zao walitembea nchi kavu na ambao mpaka leo hupanda juu kuvuta pumzi. Mmea wa majini nao umebeba urithi wa nchi kavu. Ulikuwa na mizizi iliyozoea udongo wenye hewa, majani yaliyozoea upepo na maua yaliyozoea nyuki. Kila kimoja kati ya hivyo kilihitaji kutengenezwa upya.

Bomba la hewa

Tuanze na pumzi. Siku ukipita penye dimbwi lenye yungiyungi, omba ruhusa ya mwenye mahali, ukate bua moja la jani. Litazame pale lilipokatwa: ndani yake yamo matundu makubwa kadhaa yanayokwenda urefu wote wa bua, kama mirija iliyofungwa pamoja. Tia ncha moja ndani ya bakuli la maji, kisha puliza kwa ncha ya pili. Mapovu yatatoka. Bua hilo ni bomba la hewa linalounganisha jani linaloelea na shina lililozikwa kwenye tope.

Hewa haiishii kukaa tu ndani ya bomba hilo. Mwaka 1980 mtafiti John Dacey alieleza jambo aliloligundua katika ziwa dogo la Michigan, Marekani, kwa kuchunguza jamaa wa yungiyungi mwenye ua la njano. Jua linapoyapasha moto majani machanga, hewa iliyomo ndani yake hupata msukumo, nayo huteremka kupitia mabua hadi kwenye shina la topeni. Huko huacha oksijeni, kisha hupanda tena na kutokea kwenye majani makuukuu ambayo vitundu vyake vimelegea. Majani machanga huvuta pumzi, majani mazee huitoa. Dacey alipima hadi lita 22 za hewa zikipita katika mmea mmoja kwa siku. Kuna upepo unaovuma ndani ya mmea ambao sisi tunauona umetulia juu ya maji.

Mpunga una bomba la aina hiyo hiyo, na ndiyo siri ya lile tuta la Songea. Ndani ya mashina na mizizi yake imo mifereji ya hewa inayoanzia majanini hadi ncha ya mzizi. Zaidi ya hapo, sehemu za juu za mzizi hujenga ukuta usiopitisha hewa kwa urahisi, ili oksijeni isimwagike njiani na ifike mwisho, mahali mzizi unapokua. Ile inayovuja huacha alama. Ng'oa shina la mpunga kwenye tope, uoshe mizizi yake; utaiona ina rangi nyekundu ya kutu. Hiyo ni kutu ya kweli: chuma kilichomo katika udongo wa bondeni kimekutana na oksijeni iliyotoka mzizini. Mahindi pia hujaribu kutoboa mifereji katika mizizi yake yanapofurikwa, kwa kuua baadhi ya seli zake yenyewe. Ila hufanya hivyo yakiwa yamechelewa, na hayana ule ukuta wa kuzuia hewa isivuje.

Fuata maji hayo ya Matogoro mpaka mwisho wake utalikuta jambo lilo hilo. Mto Ruvuma unaanzia kwenye milima hiyo iliyo jirani na mji wa Songea, na baada ya kilomita 800 hivi unamwaga maji yake katika Bahari ya Hindi, mkoani Mtwara, penye hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na maingilio ya mto Ruvuma iliyoanzishwa mwaka 2000. Katika tope la maingilio ya mito ya pwani husimama mikoko, na mmoja wao, mchu, huchomoza mizizi myembamba inayotazama juu kama penseli zilizochomekwa ardhini. Maji yakipwa, mizizi hiyo huvuta hewa na kuipeleka chini. Kutoka chanzo cha mto hadi baharini, tatizo ni moja na jibu ni moja: kama hewa haipo chini, ipelekwe.

Jani lisilo na mifupa

Lakini ipo mimea ambayo haichomozi jani hata moja juu ya maji. Hiyo imezama mwili mzima, maisha yake yote, isipokuwa siku za kuchanua. Mfano wake umo katika Ziwa Nyasa. Ukiteremka kutoka Songea kupitia Mbinga hadi Mbamba Bay, utakuta maji maangavu ambamo mtu huona mchanga na mawe yaliyo chini. Penye mchanga, karibu na ufuko, huota mmea uitwao valisneria, wenye majani marefu kama utepe yanayopepea na mawimbi. Samaki wadogo hujificha humo.

Uchomoe mmea kama huo majini na uushike mkononi. Utalala kama uzi uliolowa. Hauna mifupa, kwa sababu hauihitaji: maji yenyewe huubeba, na hewa iliyofungiwa katika mifereji yake huuinua kuelekea kwenye mwanga. Hauna nta nene, kwa sababu hauogopi kukauka. Mishipa ya kupandisha maji imebaki midogo tu. Nguvu ambazo mti wa nchi kavu hutumia kujenga mbao, mmea huu umeziweka kwenye majani.

Na majani hayo ni membamba sana. Katika mimea mingine iliyozama, kama elodea wanayoitumia wanafunzi wa sekondari kuonyesha mapovu ya oksijeni, jani lina tabaka mbili tu za seli. Chembe za kijani zinazonasa mwanga zimesogezwa hadi kwenye ngozi ya nje, tofauti na mimea mingi ya nchi kavu ambayo huzificha ndani. Wembamba huo una sababu. Hewa ukaa, ambayo ndiyo malighafi ya sukari, nayo hutembea kwa kusuasua majini, hivyo kila seli inapaswa kukaa karibu na mlango. Karibu nusu ya spishi za mimea iliyozama zilizochunguzwa zimepata na njia ya pili: zinaweza kutumia bikaboneti, yaani hewa ukaa iliyoungana na maji ikawa katika hali ya chumvi. Tena mmea uliozama hautupi kitu ovyo. Sehemu ya oksijeni inayotengenezwa mchana hubaki katika mifereji ya ndani na kutumika. Sehemu ya hewa ukaa inayotokana na kupumua hunaswa tena na kugeuzwa sukari.

Bado kuna mwanga. Maji hunyonya mwanga mwekundu katika mita chache za mwanzo. Unaosafiri mbali ni wa buluu na kijani. Kina cha Ziwa Nyasa kinapita mita 700, na sehemu kubwa ya sakafu yake ni giza tupu. Valisneria na wenzake hawawezi kuishi huko. Wanakaa kwenye ukingo mwembamba wa ziwa, pale tu ambapo jua bado linafika. Kumbuka maneno hayo, "pale tu ambapo jua bado linafika", maana tutayarudia mwishoni.

Gesi ya kuvundika ndizi

Mmea hujuaje kwamba umezama? Hauna macho wala ngozi ya kuhisi unyevu kama sisi. Jibu lake liko jikoni kwetu. Anayevundika ndizi huzifunika vizuri ili ziive haraka. Anachokifungia ndani ni joto pamoja na gesi iitwayo ethileni, ambayo ndizi zenyewe huitoa na ambayo huziamuru ziive. Karibu kila mmea hutoa ethileni kidogo kidogo, na kwa kawaida upepo huichukua. Mmea ukifunikwa na maji, gesi hiyo hukosa pa kutokea. Hujikusanya ndani. Kwa mmea, kulundikana kwa ethileni ni sawa na kengele ya hatari: umevundikwa.

Baada ya kengele, kuna njia mbili. Mpunga wa maji marefu unaolimwa katika nchi kama Bangladesh hukimbia. Shina lake hurefuka kwa kasi, hata sentimita 20 hadi 25 kwa siku, ili ncha za majani zibaki juu ya mafuriko. Mwaka 2009 watafiti wa Japani walizitambua jeni zinazouamuru urefuke hivyo. Njia hiyo inafaa mafuriko ya miezi, kwa kuwa mmea ukishafika juu unabaki kupumua.

Mafuriko yakiwa ya siku chache, kukimbia ni hasara. Mmea hutumia akiba yake yote kurefuka, na maji yakiondoka huanguka chali. Methali yetu husema mfa maji haachi kutapatapa. Upo mpunga wa asili wa India ambao hautapitapi. Ukifunikwa, husimamisha ukuaji, hubana matumizi ya sukari na kusubiri. Unaweza kukaa chini ya maji wiki mbili, kisha maji yakishuka ukaendelea pale ulipoachia. Mwaka 2006 wanasayansi walitangaza kwamba wameitambua jeni ya utulivu huo, SUB1A, na tangu hapo imeingizwa kwa njia ya kuzalisha mbegu katika aina za mpunga zinazopendwa na wakulima wa Asia. Ni elimu inayomhusu pia mkulima wa bondeni Ruvuma, ambaye mvua za siku hizi humjia kwa vishindo.

Viriba vya Songea

Sasa niufikie mmea ambao kwangu ndio fahari ya maji ya Songea, ingawa wenyeji wengi huuruka bila kuuona. Jina lake la kisayansi ni utrikularia, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya kiriba kidogo. Nakusudia kiriba cha zamani, mfuko wa ngozi wa kubebea maji, wala si viriba vya plastiki vya kuoteshea miche. Juu ya maji au juu ya udongo uliolowa utaona ua dogo, la njano, zambarau au jeupe. Chini yake kuna nyuzi za kijani, na katika nyuzi hizo vimening'inia viriba, vingi vikiwa vidogo kuliko punje ya mtama.

Mwishoni mwa mwaka 1955 wataalamu wawili wa mimea kutoka bustani ya Kew, London, walifika Songea: Edgar Milne-Redhead na Peter Taylor. Walikaa msimu wa mvua hadi katikati ya 1956, wakikusanya mimea kwenye milima ya Matogoro, kando ya mto Hanga na katika mabonde mengine ya wilaya. Kazi yao iliingia katika kitabu kikuu cha mimea ya Afrika Mashariki, kilichoanza kuchapishwa mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012, chenye zaidi ya spishi 12,000 za Kenya, Uganda na Tanzania. Taylor aliipenda utrikularia na akaifanya kazi ya maisha yake. Mwaka 1989 alitoa kitabu kilichoeleza spishi 214 za dunia nzima. Mpaka leo, popote wasomi wanapochunguza mimea hiyo katika makabati ya Kew, hukutana na vibandiko vyenye neno Songea.

Kwa nini mmea uwe na viriba? Maji ya mabonde haya ni maangavu kwa sababu yana chakula kidogo. Naitrojeni na fosforasi ni haba. Utrikularia haina mizizi kabisa. Imeacha kuombaomba kwenye udongo maskini ikaanza kuwinda. Kila kiriba husukuma maji nje kupitia kuta zake mpaka mashavu yake yakabonyea kwa kukosa kitu ndani. Mlango wake umefungwa barabara, na kwenye mlango kuna vinyweleo vichache. Kiroboto wa maji au mdudu mwingine mdogo akigusa kinyweleo, mlango hufunguka, mashavu hutanuka, na maji huingia kwa kishindo pamoja na mdudu. Kisha mlango hujifunga. Vimeng'enya humyeyusha mdudu, na mmea hupata naitrojeni na fosforasi yake. Nusu saa ikipita, kiriba kiko tayari tena.

Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1875 kuhusu mimea inayokula wadudu, alidhani wadudu huingia wenyewe kwa kusukuma mlango kwa kichwa. Mwanamke mmoja wa New Jersey, Mary Treat, aliyekuwa akiandikiana naye barua, alikaa saa nyingi kwenye hadubini akiwatazama wadudu wakimezwa, na akasisitiza kwamba mlango wenyewe una hisia. Alikuwa karibu zaidi na ukweli. Mwaka 2011 watafiti wa Ufaransa walipiga picha za kasi kubwa na kuonyesha kwamba mdudu huvutwa ndani kwa muda usiofika milisekunde moja, yaani sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ukipepesa jicho mara moja tu, umetumia muda unaozidi huo zaidi ya mara 100. Hiyo ni miongoni mwa mijongeo ya haraka kabisa katika ulimwengu wa mimea, na hutokea kwenye maji ambayo ng'ombe hunywa.

Ua linataka jua

Urithi wa nchi kavu ambao mimea ya majini imeshindwa kuuacha ni ua. Chavua hulowa na kuharibika majini, kwa hiyo sehemu kubwa ya mimea iliyozama hupandisha ua juu ya maji. Utrikularia fulani zinazoelea hujenga maboya: kuzunguka bua la ua huota matawi manene yaliyojaa hewa, yakalishikilia ua wima kama nguzo juu ya ngalawa.

Valisneria hufanya kwa namna yake. Maua ya kiume hukatika kutoka kwenye mmea mama, yakapanda kama mapovu hadi juu, yakafunguka na kuelea. Ua la kike hufika juu likiwa kwenye bua refu na kufanya kibonde kidogo kwenye uso wa maji. Maua ya kiume yanayopita huteleza ndani ya kibonde hicho na kuligusa. Baada ya hapo bua hujisokota kama springi na kulivuta tunda chini, likakomae majini.

Wengine husubiri kiangazi. Kwenye miamba ya maporomoko ya mito ya Afrika huishi mimea ya familia ya podostemu, iliyojigandisha kwenye jiwe tupu ambako maji hupita kwa nguvu za kung'oa mtu. Msimu wa mvua hukaa chini ya maji ikijilisha kwa mwanga. Mto ukipungua na mwamba ukachomoza, huchanua kwa haraka, hutoa mbegu na kukauka. Mbegu zikilowa huwa na utelezi unaonata, nazo hujigandisha kwenye mwamba kabla mto haujarudi. Mmea huo hutegemea mto kujaa na kupungua kwa wakati wake. Ukiuziba mto usipungue, au ukiukausha usijae, umeufuta.

Adui ni matope

Sasa yarudie yale maneno: pale tu ambapo jua bado linafika. Mimea tuliyoitembelea imeshinda ukosefu wa oksijeni, uhaba wa chakula na nguvu ya mto. Haijapata jibu la matope. Mlima ukilimwa bila kingo, mvua hubeba udongo hadi bondeni. Maji yakigeuka rangi ya chai ya maziwa, mwanga haufiki chini. Jani lililozama hukosa jua, na tope laini hulifunika ngozi na kuziba mlango wa hewa. Mmea ulioishi majini kwa mamilioni ya miaka hufa kwa njaa katika msimu mmoja. Samaki waliojificha humo hukosa pa kujificha, na maji hubaki bila mchujo wake.

Mkoa huu unajua dawa yake tangu zamani. Wamatengo wa Mbinga hulima miteremko mikali kwa ngoro: hupanga nyasi zilizofyekwa kwa mistari inayokatana, huzifukia kwa udongo na kuacha mashimo katikati. Mvua ikinyesha, maji hutulia ndani ya mashimo na udongo hubaki mlimani. Anayelima ngoro analinda shamba lake, lakini bila kukusudia analinda pia valisneria wa Ziwa Nyasa. Sheria nayo ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, maziwa na vyanzo vya maji. Mita 60 hizo si ardhi iliyopotea. Ni chujio, na wakazi wa mji wa Songea, ambao maji yao ya bomba hutegemea misitu ya Matogoro, ni wa kwanza kufaidika nalo.

Ninakuomba mambo mawili, msomaji. Kama una shamba karibu na mto au bonde, acha nyasi za ukingoni zisimame. Na kama wewe ni mwalimu au mzazi, wachukue watoto mwezi wa Machi hadi kwenye bonde lililo karibu, wachote maji pamoja na nyuzi za kijani katika chupa ya kioo, waziinue kuelekea kwenye jua na kutafuta viriba. Wakishaviona, wazirudishe nyuzi hizo majini. Mimea ya Songea imehifadhiwa London kwa karibu miaka 70 ikiwa imekauka kwenye karatasi. Iliyo hai iko hapa, na wa kuitunza ni sisi.